Gesi za Waungwana

Mwaka 2002 mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umezingirwa na wapiganaji, chumvi ikipimwa kwa kijiko, lakini Mwalimu Mbaraka alifundisha kemia bila hata kitabu kimoja. Chaki yake ilikuwa kipande cha muhogo mkavu, na jedwali zima la elementi lilikuwa kichwani mwake. Sifa, mwanafunzi aliyekimbia vita na mama yake kutoka Pangi, huko vijijini, alimwona ni mtu wa ajabu. Na kweli alikuwa.

Siku hiyo somo lilikuwa gaz nobles, Kifaransa cha “gesi za kiungwana”, yaani heliamu na wenzake, gesi zisizoungana na kitu. Mwalimu akazitafutia jina la nyumbani.

“Hizi njo waungwana,” alisema, kifua mbele, maana ukoo wake ulikuwa wa waungwana wa mjini tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. “Muungwana hawezi kuoa ovyo-ovyo.”

Sifa akainua mkono. “Lakini Mwalimu, waungwana wa hapa si walioa bibi zetu wa Pangi?”

Darasa likaangua kicheko. Mbaraka akamfukuza wiki nzima kwa utovu wa adabu. Jamani, adabu gani? Mtoto aliuliza tu!

Alirudi, akasoma kwa mwalimu huyohuyo mpaka naye akawa mwalimu wa kemia. Alimheshimu sana, ila donge lilimkaa rohoni. Alitaka kuambiwa, japo mara moja, kwamba aliuliza vizuri.

Mwaka huu alisoma habari iliyomwinua kitini. Haidrojeni ikipoteza elektroni yake pekee, heliamu huipokea na kugawana nayo elektroni zake mbili, zikawa ioni moja yenye chaji chanya. Wataalamu waliitengeneza kwenye maabara karne iliyopita. Mwaka 2019 wakatangaza kuiona angani, kwenye gesi ya nyota inayokufa. Wanaamini ndiyo molekuli ya kwanza kabisa ulimwenguni. Sifa alilia kwa uzuri wa habari hiyo.

Akaenda kwa mzee Mbaraka, akamchorea yote kwenye karatasi. Mzee akaisoma taratibu, akairudia.

“Kumbe muungwana naye iko anaoa, Mwalimu,” Sifa alisema kwa upole.

Mzee akaikunja ile karatasi.

“Uliuliza muzuri, mutoto yangu. Ile siku sikukasirika sababu ulikosea. Mama yangu alikuwa muntu wa Pangi, na mimi nilikuwa namuficha.”