Mtu wa Sukari Majini

Mkuu wa chuo aliniita ofisini akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba muhula ujao nitahamia stoo ya chini, kutunza vifaa. Mimi nafundisha ushonaji, ghorofa ya tatu. Alikuwa amenikuta mara mbili nimeketi kwenye ngazi, nahema kama niliyefukuzwa na mbwa.

"Ni kwa ajili ya afya yako, mama. Kisukari si mchezo."

"Stoo ndiyo itanitibu? Nipe mpaka chuo kifunguliwe, nikishindwa kupanda ngazi nitahamia."

Akanipa. Wiki kumi.

Kliniki wakanielekeza kwenye mazoezi ya majini, Jumanne na Alhamisi. Baba watoto alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mtu wa sukari anatiwa majini? Si utayeyuka?"

"Nikiyeyuka utajipikia mwenyewe."

Akakiinua tena kikombe chake.

Sijui kuogelea, wala haikuhitajika. Maji ya bwawa yalinifika kifuani. Mwalimu, binti wa rika la kitindamimba wangu, alitupima sukari kwanza, akakagua miguu yetu kidole kwa kidole, akahakikisha kila mtu amevaa viatu vya mpira. Kisha tukatembea. Kwenda, kurudi, magoti juu, mikono ikisukuma maji. Nilidhani ni mambo ya watoto. Dakika ya nane nikaanza kusali. Ila magoti yangu, ambayo hunilalamikia kila asubuhi, hayakusema kitu. Maji yalikuwa yamenibeba.

"Mama, usishike ukuta."

"Nautazama kama ni imara."

"Ni imara. Uachie."

Nikauachia. Kufikia wiki ya sita sketi zilikuwa zinanizunguka kiunoni, nikazipunguza mwenyewe. Sukari nayo ilishuka. Daktari akasema vidonge vibaki vilevile, na maji nisiyaache.

Siku ya kufungua chuo mkuu alinisubiri chini, funguo za darasa langu mkononi.

"Tupande wote," nikamwambia.

Ghorofa ya kwanza nilimweleza habari za cherehani mbovu. Ya pili, vitambaa vilivyochelewa. Alikuwa akiitikia "eeh" tu. Ya tatu nilifika peke yangu, moyo unakwenda mbio lakini pumzi ninayo. Nikachungulia chini.

"Mkuu, uko wapi?"

"Nakuja... subiri."

Alipofika alinikabidhi funguo bila neno, maana neno lilikuwa halitoki. Nikafungua mlango, nikaanza kufuta vumbi kwenye cherehani.