Mabega ya Kingi

Watu wa mlimani kwetu Kingi walinicheka kwa sababu ya ingobyi yangu, nami sikuona haya hata chembe. Ingobyi ni kitanda cha kubebea wagonjwa, kimesukwa kwa mianzi juu ya miti miwili mirefu, na wanaume wanne hukibeba mabegani. Yangu aliisuka marehemu mume wangu. Niliitundika juu ya moto ili moshi uwafukuze wadudu, na kila kiangazi nilibadilisha kamba zilizolegea. Ilikuwa nzima kuliko mimi.

Zamani mgonjwa akizidiwa, pembe ilipigwa na kila mwanaume wa mlima alikuja. Asiyekuja alitozwa pombe, na bado alisemwa mwaka mzima. Kisha mzungu mwenye shamba la pareto akaleta kamiyo, lori lake la mizigo, na shofere wake, Pierre, akawa anawapeleka wagonjwa hadi hospitali ya misheni. Nani angekataa? Hata mimi nilipanda nilipoumwa na jino. Ila mvua ikinyesha barabara ile hugeuka uji, na hilo hakuna aliyependa kulizungumza.

Théogène, mkubwa wa wabebaji, ndiye aliyeacha wa kwanza. Mara ya mwisho alipofika hospitali na ingobyi begani, infirmier mmoja, muuguzi wa pale, alimwuliza mbele ya watu kama watu wa Kingi bado wanaishi na nyani. Alirudi na aibu ile, na wenzake wote wakaambukizwa.

Mwaka wa 1955, mvua ya mwezi wa nne, Nyiraneza, mke wa mwanangu Hakorimana, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mkono wa mtoto ukatangulia kutoka. Nimezalisha wanawake wengi, lakini hapo niliogopa. Asipofika hospitali angekufa, yeye na mtoto.

Nikakimbilia barabarani. Wanaume walikuwa wamejikinga mvua chini ya paa la kanisa, wakimngojea Pierre, maana Hakorimana alikwisha kumtumia ujumbe. Kutoka bondeni injini ilisikika ikinguruma.

“Sikiya, Mama,” Théogène akaniambia. “Kamiyo njo ile inapanda. Sasa hivi itafika.”

“Inapanda tangu asubui? Ingobyi iko, mabega iko. Munangoya nini?”

“Na hii mvua tutamuangusha bure. Tena Mama, hii haiko wakati ya ingobyi. Batatucheka.”

“Muke wa mutoto wangu iko anakufa, na weye unaogopa kuchekwa?”

Niliwatukana matusi ambayo padri angenipa malipizi ya wiki nzima. Wakainamisha vichwa, wakaendelea kusikiliza injini.

Basi tukambeba wenyewe. Mbele Hakorimana na jirani yangu Mukamurenzi, nyuma mimi na mdogo wake Mukamurenzi. Tulishika njia ya mkato nyuma ya migomba, wanaume hawakutuona. Kwetu mwanamke habebi ingobyi, sisi wanawake watatu hatukujua hata mguu upi huanza. Hakorimana ni mrefu, Mukamurenzi mfupi, kitanda kikalalia upande mmoja. Kila tulipoteleza, Nyiraneza aligonga ubavu kwenye mti wa ingobyi.

“Mama, polepole,” alikuwa akisema. Baadaye akauliza, “Mama, iko mbali bado?” Baadaye hakuuliza tena.

Bondeni tuliikuta kamiyo. Imezama matopeni, magurudumu yanazunguka, injini inanguruma, na gari halisogei hata kiganja. Pierre alikuwa amekanyaga mafuta machozi yakimtoka. Tukaitua ingobyi kando yake, Hakorimana akafunua nguo usoni pa mkewe, akamwita, akamwita tena. Nikamshika mkono nikamwambia aache.

Pierre akazima injini. Huko juu, bila shaka, bado walikuwa wametega masikio.

Siku ya mazishi walikuja wote, na hakuna aliyepiga pembe. Théogène alisimama mlangoni pangu macho mekundu, kofia mkononi.

“Mama, utupe tumubebe.”

Nilitaka kumtemea mate. Lakini mabega yangu yalikuwa yamevimba, na Hakorimana alikuwa amekaa chini hawezi kusimama, nikawapisha.

Wakajipanga, mrefu kwa mrefu, mfupi kwa mfupi. Théogène akaguna kidogo, wakanyanyua ingobyi pamoja. Mteremko wote ule wa utelezi, hadi makaburini, walibadilishana mabega bila kusimama, mmoja akiingia mwingine akitoka, na Nyiraneza na mtoto wake tumboni hawakutikisika hata mara moja. Hawakuwa wamesahau kitu. Nilitembea nyuma yao nikiiangalia miguu ile inavyokwenda pamoja, na hapo ndipo nilipowachukia.