Kilomita ya Arobaini na Moja

"Na hapa," mzee alisema, akigonga kadi kwa ukucha, "umeandika niliachie gari. Niliachie kiasi gani?"

Mama Ramani aliinama juu ya kaunta akasoma, kana kwamba maneno yale yaliandikwa na mtu mwingine. Kilomita ya arobaini na moja: "Kilima kifupi, kisha barabara imenyooka. Hapa liachie gari lipumue." Wino wa buluu, herufi zimelalia upande mmoja kama majani yaliyopitiwa na upepo.

"Kiasi moyo wako utakachopenda, mzee."

"Moyo wenyewe una miaka sitini na tisa. Ukipenda sana unachoka."

Mkewe, aliyesimama mlangoni na kikapu mkononi, alicheka kwa pua. Mzee yule alikuwa dereva wa basi kwa miaka thelathini na mitano. Alikuwa ameshalisema hilo mara tatu tangu aingie, na kila mara alilisema kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Nimebeba watu arobaini na wanne kila siku iliyokuja," alisema. "Leo nabeba mmoja tu, na huyo nimemchagua mwenyewe."

"Na huyo mmoja ana malalamiko kuwashinda hao arobaini na wanne," mkewe alisema. "Twende, baba, kabla jua halijawa kali."

Gari la spoti liliwangoja nje, jekundu, viti viwili tu, limelala chini kama ndala. Kati ya tumbo lake na lami hapakutimia shubiri. Mzee aliingia kwa kutanguliza makalio, kama mtu anayekaa ndani ya beseni. Akafunga mkanda, akaukagua wa mkewe, akarekebisha vioo kimoja kimoja bila haraka. Kisha injini ikanguruma, na madirisha ya ofisi yakatetemeka.

Mama Ramani aliwapungia mkono. Alipoushusha, aliona kiganja kimelowa jasho.

Jina lile la Mama Ramani alipewa na wenzake, na lilimkaa vizuri. Katika ofisi ile ya kukodisha magari, yeye ndiye aliyewapangia safari watu waliotaka kuendesha kwa raha tu: waanzie wapi, wakate kona ipi, petroli iko wapi, choo safi kiko wapi, wasimame wapi waone mabonde. Aliandika kwa mkono kwa sababu wateja walipenda hivyo. Na chini ya kila kadi palikuwa na mstari mmoja uliochapwa: "Njia hii imekaguliwa na", halafu nafasi ya jina, halafu nafasi ya tarehe. Ilikuwa sheria. Njia ambayo hukuipita mwezi huo, humpi mteja.

Katika kadi ya mzee alikuwa ameandika jina lake, na tarehe ya Jumanne.

Jumanne hakwenda. Alifika mpaka kwenye mzunguko wa mwisho wa mji, pale barabara ya mlimani inapochepuka, akakaa ndani ya gari injini ikiwaka, mikono imeganda kwenye usukani. Gari la nyuma likapiga honi. Akazunguka, akarudi nyumbani, akalala na viatu vyake.

Miaka sita nyuma, kwenye barabara hiyohiyo, gari aliloendesha kaka yake liliacha njia likabiringika mara mbili. Kaka alitoka akijipangusa suruali. Yeye alitolewa na watu wanne, akakaa wodini miezi minne, akatoka na mguu wenye chuma ndani ambao mpaka leo humwambia mvua kabla ya mawingu. Tangu hapo njia za mlimani zilikaguliwa na mwenzake wa meza ya pili, na yeye akabaki na za tambarare. Mwenzake alistaafu mwanzoni mwa mwaka. Hakuna aliyeuliza nani sasa atapanda. Kwa hiyo alichukua kadi ya mwaka jana, akanakili, akaongeza maneno matamu ya hapa na pale, akatia sahihi.

Yale ya "liachie gari lipumue" aliyaongeza yeye.

Saa nne kasoro alishindwa kukaa. Alipanga faili zilizokwisha kupangwa. Alimwagia maji ua la dirishani mpaka sahani ikafurika. Mwisho akainua simu, akapiga kituo cha petroli cha kilomita ya thelathini, akijiambia kwamba anauliza tu.

"Gari jekundu? Wamepita sasa hivi," alijibu mwanamke wa pampu. "Babu kanipigia honi kama bwana harusi! Wanaelekea wapi lakini?"

"Juu."

"Juu wapi, dada? Juu si kumekatika?"

Mama Ramani alishika ukingo wa meza. "Kumekatika wapi?"

"Ukishapanda kile kilima kifupi, upande wa pili. Ile mvua kubwa ilibeba kalvati la kupitishia maji na lami yake, wiki ya pili hii. Shimo unatumbukiza nyumba. Waliweka matawi kuzuia watu, lakini matawi yenyewe yamekwenda kupikia."

"Tafadhali, tuma mtu awafuate. Mtu yeyote."

"Nimtume nani? Niko mimi na pampu."

Alipiga simu ya mzee. Haipatikani. Akapiga tena. Ile sauti ya kurekodiwa ilimjibu kwa adabu ileile, na ya tatu, na ya nne. Kupita kituo kile mtandao hufa, hilo nalo alikuwa ameliandika kwenye kadi, tena kwa utani: "Hapa simu itawaacha mpumzike."

Fundi alikuwa uani, chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Fundi. Toka."

"Namalizia nati moja, dada."

"Toka!"

Alitoka, akamtazama usoni, akaacha spana chini. Alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, lakini alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Wiki mbili," alisema polepole. "Na wewe umekagua Jumanne."

"Sikwenda, Fundi."

Fundi alijifuta mikono, akachukua ufunguo wa pikapu.

Njiani Fundi alipiga simu polisi; wakamwambia gari lililo karibu liko upande wa pili wa wilaya. Hesabu ilikuwa rahisi na haina huruma. Wale walikuwa wamebakiza kilomita kumi na moja. Wao walikuwa na arobaini na moja. Hawakuwa wakienda kuzuia kitu. Walikuwa wakienda kuona.

Barabara ilianza kupanda. Mama Ramani alikuwa ameshika mkono wa mlango, na mguu wake mbovu ulikanyaga breki ambayo haikuwapo. Kwenye mapaja aliweka nakala ya kadi. Aliisoma njia kama mtu anayesomewa mashtaka. "Kinu cha zamani upande wa kulia": hapakuwa na kinu, palikuwa na msingi na magugu. "Miti mirefu pande zote": imekatwa yote, visiki vyeupe mpaka chini bondeni. Hata kabla ya lile shimo, alikuwa amempa mzee wa watu barabara isiyokuwapo.

Tumaini lake lilikuwa moja. Kilomita ya thelathini na nne alikuwa ameandika: "Simameni hapa. Mabonde yote mawili yanaonekana." Aliomba wawe wamesimama. Aliomba yule mama awe mtu wa kushangaa vitu, mtu wa kuuliza jina la kila ua. Aliomba wagombane kidogo, wanuniane, wachelewe.

Walipofika pale Fundi alipunguza mwendo. Hapakuwa na mtu. Juu ya jiwe la ukingoni palikuwa na maganda ya machungwa, bado mabichi, yamepangwa vizuri yasipeperuke.

"Walisimama," Fundi alisema.

"Na wameondoka."

Fundi akakanyaga mafuta. Kona zikaja moja nyuma ya nyingine, mlima kama ukuta upande mmoja, upande mwingine hewa tupu. Baada ya muda Mama Ramani akauliza, "Ile kona yetu, ile ya mimi na kaka, iko mbali?"

Fundi alimtupia jicho. "Tumeshaipita, dada. Kitambo."

Aligeuka nyuma. Vumbi tu. Miaka sita alikuwa akiiota kona ile, na ilikuwa imempita kushoto kama mtu asiyemjua. Hakupata nafuu yoyote. Hofu ilihama tu, ikaondoka nyuma ikaenda kukaa mbele, kubwa zaidi.

Kilomita ya arobaini. Mteremko mfupi, kisha kilima kile, mgongo wake wa lami ukigusa mbingu. Upande wa pili haukuonekana kabisa. Mtu yeyote mwenye gari zuri na kadi mkononi angekanyaga.

Gari jekundu lilikuwa pale juu, upande huu, kabla kidogo tu ya kilele, limesimama kombo. Milango yote miwili wazi. Ndani hapakuwa na mtu.

Fundi alifunga breki. Mama Ramani alishuka kabla pikapu haijatulia, mguu ukamkunja, akapiga goti kwenye lami, akainuka. Kikapu kilikuwa kitini. Kiatu kimoja cha kike kilikuwa barabarani, kimelala ubavu. Alitaka kuita akakuta hana jina la kuita, maana muda wote aliwaita mzee na mama tu.

Alikipanda kilele kwa kuchechemea.

Barabara iliendelea hatua ishirini hivi, halafu ikaisha. Ilikuwa imevunjika kama mkate: lami nyeusi juu, changarawe, udongo mwekundu, na chini kabisa maji yakipita kimyakimya. Kando ya shimo mzee alikuwa amepiga magoti, shati limetoka suruali, akisukuma jiwe kwa mikono miwili. Mkewe, mguu mmoja peku, alikuwa akiburuta tawi kutoka kichakani.

Mama Ramani alikaa chini palepale.

Mke wa mzee ndiye aliyemwona kwanza. "Jamani! Mwenye kadi kaja!"

Mzee aliinuka, akapangusa magoti. Karibu, alionekana mzee kuliko asubuhi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na mikono, ile mikono iliyorekebisha vioo bila haraka, ilikuwa imejaa udongo mwekundu.

"Nilisimama kabla ya kilele," alisema. "Kilima ambacho sioni upande wa pili, sikipandi kwa mwendo. Nilijifundisha na basi. Nikasimama, nikashuka, nikaja kuchungulia kwa miguu."

"Mimi nikamwambia, baba, kadi imesema uliachie," mkewe alidakia. "Nilikuwa namcheka! Nilikuwa namwita mwoga, mimi, kwa mdomo wangu huu." Akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio. "Nilipoona shimo nilikimbia mpaka kiatu kikabaki."

Fundi alifika akihema, akaona, akasema, "Mungu wangu."

Mzee alitoa kadi mfuko wa shati. Ilikuwa imekunjwa mara mbili. Aliifungua akaisogeza mbali na macho, wanavyofanya watu wa rika lake.

"Umeandika ulipita hapa Jumanne," alisema. "Huenda Jumanne palikuwa pazima. Mvua hizi hazina adabu. Huenda pamekatika jana." Aliinua macho, akamtazama kwa muda. Alikuwa ameziona kingo za shimo kama wao, na majani machanga yaliyokwisha kuota kwenye udongo wake. "Palikuwa pazima, mwanangu?"

Fundi alitazama viatu vyake.

Neno moja tu, ndiyo, lilitosha. Alilisikia likiwa tayari kinywani, jepesi, na aliyempa neno hilo ni mzee yuleyule aliyenusurika.

"Sijui," Mama Ramani alisema. "Sijapita hapa miaka sita sasa. Jumanne niliishia kwenye mzunguko nikarudi. Niliogopa. Nikatia sahihi."

Chini, kipande cha udongo kilimeguka kikaanguka majini. Mke wa mzee alikuwa ameacha kutikisika. Sasa alimtazama kwa uso mtupu, kama anamwona kwa mara ya kwanza, na hilo lilikuwa zito kuliko kofi.

"Yule alikuwa amekaa kiti cha upande huu," mzee alisema hatimaye, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Upande wa korongo." Aliikunja kadi, akafikiri aiweke wapi, akairudisha mfukoni mwake, si mkononi mwa Mama Ramani. "Tutaongea ofisini. Mbele ya mkubwa wako."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa hivi kuna kazi. Matawi haya yako karibu mno na shimo. Mtu akiyaona hapa, ameshachelewa. Lazima yaanzie kule tulikotoka, kabla ya kilima."

Fundi akavua koti, akaenda kwenye mawe. Mama Ramani aliinuka, akachukua tawi alilolibakiza yule mama, akalikokota kukipita kilele, kulipita gari jekundu, kuteremka. Lilikuwa na miiba. Lilimchana kiganja, akabadilisha mkono. Alilitupa katikati ya lami, akarudi kuchukua jingine, akaliteremsha mbali zaidi, na jingine mbali zaidi, mpaka sauti za wenzake zikabaki juu.

Ndipo akasikia injini.

Ilikuwa bado chini huko, nyuma ya kona, nzito, inapanda. Lori, au basi dogo, au mtu na familia yake. Ilibadilisha gia, ikapata nguvu. Mguu wenye chuma ulimtetemeka, nao akauacha utetemeke. Alisogea mbele ya tawi la mwisho, akasimama juu ya mstari mweupe wa katikati, akainua mikono yote miwili juu kadiri ilivyoweza kwenda, akakaza macho pale kona inapofungukia.