Bendera ya Kikosi cha Ravnsholm

Kanali Holger Brandstrup alijua kusoma ramani gizani, lakini watu wa kasri hakuwajua hata kidogo. Mfalme alipomwita awe msimamizi wa nyumba yake, alimwambia, "Holger, serikali inataka kukivunja kikosi chako. Njoo ukae karibu nami, tukipiganie pamoja." Na mtu mzima yule, mvi kichwa kizima, akaamini! Akavua magwanda, akavaa koti la mkia la watumishi wa kasri, akawa wa kupanga nani akae karibu na balozi gani.

Sasa, kwenye kasri lile mwiko ni mmoja: mtumishi hagusi jambo la serikali mpaka mfalme aliguse kwanza. Kila asubuhi Holger alipoleta ratiba, mfalme aliuliza habari za mbwa, za kuwinda, za supu ya jana. Kikosi? Hata kukitaja hakukitaja! Naye Holger, kwa adabu yake iliyopitiliza, akaendelea kusubiri. Habari kwamba kikosi kimevunjwa aliisikia redioni kama watu wengine, akinyoa ndevu. Na sherehe ya kurudisha bendera kwa mfalme akaambiwa aipange yeye.

Bendera ililetwa na Sajini Meja Aksel Tovborg, ambaye yeye na Holger walikula pamoja mkate mweusi na samaki wa chumvi kwenye mahema tangu ujana. Kwa desturi yao, bendera mpya hupigiliwa mlingotini kwa misumari, wa kwanza wa mfalme, wa pili wa kamanda. Msumari wa Holger, wa siku za ukamanda wake, ulikuwa bado mle. Holger akaipokea kwa niaba ya mfalme.

"Vijana walitaka kuandamana hadi bungeni," Tovborg alimnong'oneza. "Nikawazuia. Nikawaambia tulieni, Kanali wetu yuko ndani, anatusemea. Ulitusemea?"

Holger akaanza kuizungusha bendera kwenye mlingoti wake.

"Hata mara moja, Kanali?"

Wanajeshi walipotoka, mfalme alimpiga Holger begani, uso umemkunjuka.

"Kazi nzuri! Nilimwambia waziri mkuu, ngoja nimlete Brandstrup hapa, na askari wake hawatapiga kelele. Na kweli, hata jiwe halikurushwa." Akamwita mbwa wake, wakaenda zao bustanini.

Loh! Kumbe hakuitwa kusaidia, aliitwa awe kizibo cha midomo ya askari wake! Holger aliona uchungu wa mtu aliyeuzwa mchana kweupe, tena kwa tabasamu. Hakuomba ruhusa. Alikimbia uani na lile koti lake, akalifikia basi la kikosi likiwa linaunguruma. Tovborg alikuwa amesimama mlangoni.

"Aksel, ngoja! Sikujua, naapa. Na mimi nimechezewa!"

"Wewe umechezewa umeshiba," alisema Tovborg. "Sisi je?"

"Nipeni nafasi. Nirudi nanyi kambini Ravnsholm."

Nyuma ya Tovborg, madirishani, viti vitupu vilionekana vingi tu. Askari wengine walitazama chini.

"Basi limejaa, mheshimiwa," Tovborg alisema, akavuta mlango.