Kapasita ya Ijumaa Jioni

Nilimwambia Baba Natasha kapasita ya volti kumi na sita, kile kikopo cha kutuliza umeme, haitoshi kwa mashine yetu. Akanijibu, "Transfoma ni ya kumi na mbili, Celestine. Wacha wasiwasi." Ati wasiwasi! Umeme ukishapita kwenye diodi hupanda hadi kumi na saba. Hilo alinifundisha mwenyewe, huyu huyu Anyona, fundi redio wa Mosocho. Lakini neno la mke nani hulisikia?

Sasa ni Ijumaa jua linazama, na mashine yetu ya kutotoa vifaranga inazima na kuwaka. Mara balbu ya joto ikakataa kabisa. Ugonjwa wa kideri ulimaliza kuku wetu wote. Mayai haya nilipewa na mama kule Nyacheki, na ndiyo mbegu pekee iliyobaki. Vifaranga walikuwa wameanza kugonga maganda kutoka ndani.

Mume wangu alikuwa amebadilisha regyuleta, ile ya kushusha umeme, na mpya ilisumbua vilevile.

"Angalia kinachoilisha!" nikafoka.

Kapasita iliyo mbele yake ilikuwa imevimba kichwa. Nikagusa mayai, yanapoa. Nyasae one, Mungu wangu!

Kapasita ya volti ishirini na tano ilikuwa moja tu nyumbani, ndani ya amplifaya ya kanisa aliyoleta kutengeneza. Akaing'oa haraka. Jua likazama, akaweka chuma cha solda chini. Yeye ni mzee wa kanisa la Wasabato.

"Sabato imeingia, Mama Natasha."

"Na vifaranga?"

"Mungu anajua."

"Na wewe pia unajua!"

Akaenda kusimama na binti yetu kufungua Sabato kwa wimbo. Nikashika chuma mwenyewe. Mguu upi wa kapasita uende wapi? Nikigeuza, italipuka, na nyingine hakuna.

Wimbo ukaisha, akaanza kuomba, macho amefumba. "Bwana, umkumbuke mama anayehangaika. Umwonyeshe kwamba ule mstari mweupe ubavuni hukaa upande wa mguu wa katikati wa regyuleta. Na asichomeke plagi kabla hajamaliza. Umwonyeshe, Bwana..."

Natasha akafungua jicho moja.

Nikachoma solda, nikachomeka plagi. Balbu ikawaka. Nikangoja izime, haikuzima. Nikaweka sikio kwenye mayai. Kimya. Nikagonga moja kwa ukucha, nikangoja, nikagonga tena.

Mle ndani kifaranga akalia, pi, pi. Nikaangua kilio, na Baba Natasha akaja kupiga magoti kando yangu kabla hajasema amina.