Saa Kumi na Nne na Nusu kutoka Toronto

Jumatano, saa tatu asubuhi. Anga la Koboko lilikuwa jeupe kwa joto, na mvua ya kwanza ya Machi ilikuwa bado haijanyesha.

Bi Sadiya alikuwa amefariki alfajiri. Kadijah, bintiye aliyemuuguza, alikuwa na jambo moja tu kichwani: mama aliomba azikwe siku ile ile atakayokufa, naye akamwahidi. Maiti ilikuwa imekwisha kuoshwa na kuvikwa sanda. Imamu alikuwa amekubali kuisalia baada ya adhuhuri.

Ndipo Mjomba Swaib alipofika kutoka Awindiri, mjini Arua, simu mkononi.

"Hakuna kuzika leo," alisema kabla hajakaa. "Tahiru iko njiani kutoka Toronto. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anashuka kaburini na mamake."

"Yuko njiani wapi, mjomba?"

"Anapanda ndege jioni. Nimetazama hapa: kilomita elfu kumi na moja na mia saba, saa kumi na nne na nusu. Kesho mchana tuko naye."

Kadijah aliitazama simu ile. Ilikuwa imechora mstari mmoja uliopinda kutoka Toronto hadi Entebbe, juu ya bahari na jangwa, bila kituo.

"Hiyo ni ndege gani isiyotua mahali? Mwaka juzi alipokuja alilala Dubai kwenye kiti. Na hapo Entebbe, ndege itamleta mpaka sokoni Koboko? Au kuna basi la usiku kucha ambalo simu yako haikuliona?"

Wanawake waliokuja kuomboleza wakaguna. Mmoja akacheka, akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Wewe! Tangu lini mwanamke anapanga kaburi?"

"Tangu wanaume walipoanza kuhesabu ndege."

Swaib alimpigia Tahiru, akapaza sauti ya simu wote wasikie.

"Dada, nakuomba," Tahiru alisema. "Siku mbili tu. Nitalipia barafu."

"Mama si samaki, Tahiru."

Kadijah hakungoja jibu. Alitoka uani, akamwita jirani yao Acidri, akamwambia akusanye vijana na majembe waende makaburini. "Mchimbe sasa. Nimesema mimi."

Mjomba hakuona. Alikuwa bado kwenye simu, akijumlisha na kutoa, akitafuta ndege ya haraka zaidi. Saa sita na nusu Acidri alirudi, udongo mwekundu magotini.

"Mzee, kaburi iko tayari."

"Kaburi ya nani?"

Acidri alimwonyesha Kadijah kwa kidevu. Swaib aliketi. Katika ukoo wao kaburi likishachimbwa haliachwi kulala wazi. Likilala wazi, litatafuta mwingine wa nyumba hiyo. Hakuna aliyeishika imani hiyo kuliko Swaib mwenyewe.

"Umenifunga, Kadijah."

"Nimekufunga, mjomba. Nilimwahidi mama, sikumwahidi Tahiru. Atakasirika, na akasirike. Jeneza liko mlangoni."

Imamu alisalisha. Swaib alivua viatu, akashuka kaburini badala ya mpwa wake. Acidri na vijana walifukia, kisha wakaenda kuoga. Tahiru alipanda ndege jioni, akapanda nyingine Addis Ababa, akafika Koboko Ijumaa alasiri. Hakumsalimu dada yake mpaka Jumapili. Kadijah alikunja mkeka wa mamake, akala, akalala.