Kamba ya Mashoto

Walimkuta Mashoto ameshika ncha ya uzi kwa meno. Askari wa kwanza wa hekalu aliupiga mlango teke. Wa pili akapindua pipa la kulowekea katani, na maji yakafika miguuni mwa binti wa Mashoto aliyekuwa akichambua nyuzi.

Mkuu wao akatupa mkekani kiboko cha kamba.

“Mzee, unaitambua?”

Kila mtu mtaani angeitambua. Wasokotaji wengine husokota kuelekea kulia. Mashoto alifanya kazi kwa mkono wa kushoto, na kamba zake zilijipinda kinyume na za wenzake. Kwa kiboko hicho Mwalimu alikuwa ameingia ua wa hekalu jana yake, akawaswaga ng'ombe nje, akapindua meza za wabadili fedha, na kuwaambia makuhani mbele ya umati kwamba wamegeuza nyumba ya sala kuwa pango la wanyang'anyi.

“Ni yangu,” Mashoto alisema. “Ndiyo biashara yangu. Mtu akinunua kamba simuulizi anakwenda kumfunga nani.”

“Hakununua. Alipewa. Nani alimpa?”

Mashoto akamtazama binti yake. Jana binti ndiye aliyepeleka kamba za mifugo hekaluni, na uso wake sasa ulikuwa mweupe kama katani. Vipande vilivyobaki alivitoa mwenyewe, Mwalimu alipomwomba.

“Nilimpa mimi,” baba akasema.

Wakamlaza kifudifudi. Mmoja akamkalia mgongoni, mwingine akaunyoosha mkono wake wa kushoto juu ya jiwe la kupondea katani. Rungu la kupondea lilikuwa hapo hapo. Pigo la kwanza lilivunja vidole. La pili liliangukia kiganja, na mfupa mmoja ukatokeza nje.

“Ni mimi!” binti alipiga kelele. “Mwacheni! Nilimpa mimi!”

“Ala! Kumbe nyumba nzima wanafunzi,” mkuu akacheka. “Basi sikiliza, binti. Makuhani wanataka kamba ya kumfungia huyo Mwalimu wenu, na wanataka isokotwe humu humu, kila mtu aone amefungwa na watu wake. Jioni nisipoikuta, nauchukua na huu mkono wake wa kulia. Kamba hukatikia pabovu. Tuone pabovu ni nani kati yenu.”

Walipotoka, binti akaufunga mkono wa baba kwa kanga yake. Damu ilipenya upesi.

“Usisokote, mwanangu,” Mashoto alisema, meno yakigongana. “Mkono ni nyama tu.”

“Nyama hiyo ndiyo iliyonilea, baba.”

Akasokota. Alichagua nyuzi changa, akaziponda kwa rungu lile lile baada ya kulisuuza, akazipaka mafuta, akaziponda tena. Kila alipomaliza pima moja alijizungushia shingoni na kuivuta. Ilipomkwaruza, aliifumua akaanza upya. Baba alimtazama tu.

Jioni mkuu wa askari akaivuta kamba kwa nguvu zake zote.

“Mbona laini hivi? Ya kubebea mtoto mgongoni?”

“Haikatiki,” binti akasema. “Ya Mashoto haikatiki.”

Asubuhi kelele zikaingia mtaani. Binti akasimama kizingitini. Mwalimu alikuwa akiburutwa kama mbuzi wa machinjioni. Mgongo ulikuwa umechanwa kwa mijeledi, shati limegandia kwenye nyama, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Mtu akamtemea mate. Mbele ya mlango wao askari akampiga teke la goti, naye akaanguka kifudifudi juu ya mikono yake iliyofungwa, hatua mbili kutoka alipokuwa binti.

Binti akaviona viganja vyake, na vifundo vya mikono. Palikuwa pekundu, lakini ngozi ilikuwa nzima. Katika mwili wote ule, hapo tu.

Mwalimu akainua jicho lililobaki, akamtazama. Kisha kamba ikavutwa, akaenda nayo, na umati ukamfunika.

“Imekatika?” Mashoto aliuliza kutoka ndani.

“Haikukatika, baba.”

Binti alipogeuka, alimkuta ameuinua mkono wake wa kulia, mzima, anautazama kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.